Nyumba yangu, hati yangu, halafu madalali wananiuzia kwa bei tatu tofauti. Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Nimeamka saa kumi alfajiri, usingizi umekata kwa hasira, nimeona niandike hapa kabla sijamtukana mtoto wa mwenzangu kwenye simu.

Nina nyumba Kibada, Kigamboni. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, jiko na stoo, fensi pande zote, bati la msauzi, kisima kinatoa maji mwaka mzima. Kiwanja ni cha ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000. Tulikipata enzi hizo Kibada ni mikorosho na vumbi, ndugu wanatucheka kwamba tumeenda kununua pori. Hati ninayo, ina jina la mume wangu, yaani mzee, na langu. Benki hatudaiwi, pango la ardhi tumelipa, kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU kama ya kila mtu. Watoto wameshaondoka, mzee kastaafu, tunataka turudi Muheza tukahangaike na michungwa. Tunauza milioni 128. Hiyo ndiyo habari nzima. Ilitakiwa iishe kwa mnunuzi mmoja na mwanasheria mmoja.

Leo natimiza miezi saba na bado nafagia uwanja wa kuonyesha wateja.

Kwamba soko limelala najua, msianze kunifundisha. Mtaani kwetu peke yake nyumba zinazouzwa ziko nne. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 kuna watu walipandisha bei wakidhani Kigamboni itakuwa Masaki ya pili, na wengine wamezing'ang'ania bei hizo hadi leo, nyumba zimeota ukungu. Pesa hakuna. Mwajiriwa wa kawaida mkopo wa nyumba anauona kwenye mabango tu. Wanaokuja wana nusu ya hela, au wana theluthi na maneno mengi. Kuna mmoja alitaka kunipa Harrier tako la nyani, kiwanja cha Chanika na milioni 35, na akakasirika nilipokataa, akaniambia sijui biashara. Hao wote nawavumilia. Soko ni soko.

Ninaowalalamikia ni madalali, watu ambao sikuwaita.

Nilikataa dalali kwa hesabu ya darasa la nne. Wanataka asilimia 10. Ya milioni 128 hiyo ni milioni 12 na laki 8. Bati zote za nyumba hii hazikufika huko! Mtu afike kwa bodaboda, asimame getini anachokonoa meno, amwambie mteja "hiki ni chumba", aondoke na milioni 12? Nikasema hapana. Nikapiga picha mwenyewe, nikafungua mapazia, nikamwambia mzee atoe baiskeli yake barazani. Nikaandika tangazo: bei, ukubwa wa kiwanja, hati ipo, muuzaji ni mwenye nyumba mwenyewe, dalali asipige. Nikalirusha Facebook, kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya na vikoba, na watoto wote wakaweka stetasi.

Nani alipiga? Madalali.

"Shikamoo mama mkubwa. Nina mteja wa keshi, yuko tayari hata leo. Wewe niambie yako ya mwisho, mimi nitaweka changu juu." Huyo mteja wa keshi nimeahidiwa mara nyingi sana, sijawahi kumwona hata kisogo. Nilikuwa najibu kwa adabu, "mwanangu, soma tangazo". Siku hizi nakata.

Sasa mwezi wa tatu, mwanangu wa pili anayekaa Mwanza akanipigia usiku. "Mama, mbona mmeshusha bei hivyo hamtuambii? Mmefika 90?" Nikamwambia nani kashusha. Akanitumia. Wakuu, ni nyumba yangu, picha zangu zilezile nilizopiga mimi, na beseni langu la bluu linaonekana pale kisimani na kitenge changu kiko kwenye kamba. Juu yake mtu kabandika jina lake na namba yake ya simu. "INAUZWA HARAKA MNO, MILIONI 90 TU, MWENYE NYUMBA ANASAFIRI NJE." Nje yenyewe ni Muheza!

Nikaanza kutafuta. Kwa dalali mwingine ipo kwa milioni 150, maongezi yapo. Kwa mwingine tena ni 165 na nyumba imehamishwa, eti iko dakika tatu kutoka baharini. Ukijumlisha na tangazo langu, nyumba moja ina bei nne na anwani mbili.

Nilimuuliza dalali mmoja kijana wa kijiweni, si mbaya, aliwahi kumtafutia dada yangu mpangaji na hakumsumbua. Akanieleza huku anaona haya. Ile ya 90 ni chambo. Ukipiga unaambiwa utoe elfu 20 ya kuonyeshwa. Ukishatoa, mkiwa njiani simu inaita, "dah, ile imelipiwa kishika uchumba sasa hivi, ila ipo nyingine". Elfu 20 hairudi. Akipata wapigaji watano kwa siku, kashinda mwalimu. Ile ya 150 ni cha juu. Akipatikana mjinga wa kulipa 150, mimi napewa 128 yangu na kuombwa asilimia 10 hapohapo, wakati yeye ana 22 mfukoni.

Mimi mwenye nyumba niliyetaja bei ya kweli ndiye naonekana tapeli. Aliyeona 90 ananiambia namlangua. Aliyeona 150 anajiuliza mbona kwangu ni rahisi, ina kesi? Ina mzimu?

Kuna mama mmoja, mwalimu wa sekondari, alikuja na kaka yake. Mnunuzi haswa, mnamjua kwa macho. Alifungua bomba akaacha maji yatiririke, akagonga milango, akaingia stoo akanusa ukutani kama kuna unyevu. Jiko lilimkaa moyoni, nilimwona. Tukakaa barazani nikawapa maji ya kunywa. Akainama kidogo: "Dada yangu, samahani, usinielewe vibaya. Hii nyumba ina tatizo gani? Maana nimeiona mahali kwa 150." Nikacheka, nikaingia ndani nikaleta hati. Kaka yake akaisoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea. Akasimama. "Hii imeandikwa Manispaa ya Temeke. Hapa si Kigamboni?"

Nikamweleza kwamba hati imetoka wakati Kigamboni yote ikiwa Temeke, wilaya ilikuja kukatwa baadaye, hati haibadiliki kwa sababu mipaka ya wilaya imebadilika. Nikamwambia asiniamini mimi, achukue namba ya hati aende kwa msajili afanye upekuzi, ataona majina yetu na ataona kama kuna deni au zuio. Wakasema sawa, Jumatatu wataenda. Walipoondoka yule mama alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Simu yake mpaka leo inaita tu.

Na wala simlaumu. Mji huu kila ukoo una mtu aliyeuziwa kiwanja cha watu watatu. Pitia Tabata, Mbezi, Mbagala, popote, usome kuta: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Watu wanatumia rangi yao kutangaza kwamba hawauzi! Katika mji wa namna hiyo mtu akikwambia anauza bila dalali, kwa bei nafuu, njoo tu nyumbani, hata mimi ningeshika pochi.

Tuje Jumamosi iliyopita, iliyonifanya nisilale.

Kuna mume na mke walinipigia wenyewe Alhamisi kutoka kwenye tangazo langu. Nikawaelekeza mpaka mti. Wakateremka pale stendi, wakamuuliza kijana wa bodaboda njia. Kosa lao ni hilo tu. Bodaboda akawapandisha, kabla hajawasha pikipiki keshapiga simu. Walipofika getini kwangu walikuwa watatu. Yule wa tatu kavaa shati la mistari, daftari kwapani, ananisalimia kama tumelala nyumba moja: "Mama, shikamoo, nimekuletea wateja wangu."

Marahaba haikutoka, wakuu. Nilimuuliza wateja wako tangu lini, hawa nimeongea nao Alhamisi na namba zao ninazo. Akasema utaratibu wa eneo hili mteja akiingia lazima kijiwe kijue. Utaratibu wa nani? Leseni hana, ofisi yake benchi chini ya mwembe, mimi nimekaa hapa kabla mwembe wenyewe haujazaa. Akaanza kuzunguka ndani ya nyumba yangu, anamwonyesha mke wa watu kabati langu la nguo! Mzee akatoka chumbani na singlendi, akamwambia kwa upole atoke. Hatoki. Anataka aandikiwe kwenye karatasi kwamba wakinunua ana asilimia zake. Sauti zikapanda, majirani wakachungulia.

Yule mume akamvuta mkewe. "Mama, tutawasiliana." Unalijua lile "tutawasiliana". Walipotoka yule bwana akawafuata nyuma, namsikia kwa masikio yangu anawaambia, "Hii ina mgogoro wa kifamilia, mmeona wenyewe. Twendeni kuna nyumba nzuri zaidi pale mbele."

Ndiyo maana saa kumi niko macho.

Mtu asije akaniambia "si umpe tu dalali auze haraka". Waliompa dalali kwenye mtaa wangu ni watatu na nyumba zao zipo, nyasi mpaka kiunoni. Dalali hafanyi soko liamke. Na gharama nyingine za halali zinanisubiri: mthamini, mwanasheria, kodi ya ongezeko la mtaji, mnunuzi naye ana ushuru wake wa stempu asilimia 1. Kwenye kodi ya mtaji nilikwama kidogo, maana ni asilimia 10 ya faida, na ili ujue faida uonyeshe ulitumia ngapi. Nina boksi la viatu lina risiti za tangu msingi. Za mkono zinasomeka, mende wamekula pembeni tu. Za mashine zimefutika zote, karatasi nyeupe kabisa, nondo zangu zote zimeyeyuka hivyo. Mwanasheria akasema tangu 2023 asiye na kumbukumbu anaweza kutozwa asilimia 3 ya thamani, tukapumua. Hizo ni za serikali, nitalipa bila kununa. Milioni 12 za mtu wa benchi silipi.

Jambo lingine, dogo ila linanikera: mnunuzi anakuja, namtembeza nyumba nzima, mwisho anauliza "mwenye nyumba yuko wapi tuongee bei?" Mwenye nyumba ndiye uliyemsalimia getini. Jina langu liko kwenye hati. Hata lisingekuwepo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo kwa mzee usingefika bila kupita kwangu.

Mliowahi kuuza wenyewe hapa Dar, mlifanyaje? Siulizi kuhusu bei. Nauliza mliwazuiaje hawa watu kwenye njia kati ya stendi na geti. Nimefikiria kwenda kuwapokea wateja mwenyewe stendi nikiwa na mwavuli kama wa watalii.

MREJESHO: Ahsanteni kwa ushauri. Aliyesema niripoti matangazo ya uongo, nimeripoti, la 90 limeondolewa na jioni likarudi kwa 88. Aliyeniambia niandike ukutani nilimsikiliza. Jana nimemwita fundi rangi, elfu 30 pamoja na rangi, kaandika kwa herufi za kusomeka toka barabarani: NYUMBA HII INAUZWA. MILIONI 128. MWENYEWE YUMO NDANI, GONGA. Na namba yangu chini. Mzee hataki kupita getini, anasema tumekuwa kichekesho cha mtaa.

Mrejesho wa pili, saa hizi saa mbili usiku: mwanangu wa Mwanza kanitumia tena picha. Ni ukuta wangu, rangi bado mbichi inang'aa. Namba yangu ya simu imekatwa kwenye picha.