Dick Campbell: kocha mkubwa wa timu ndogo, au kocha mdogo tu?

Wakuu, tujadili. Dick Campbell, kocha wa soka wa Uskoti, akitajwa tu, kuna wanaodai huyu mzee wa Fife (eneo la mashariki ya Uskoti) ni bingwa wa maneno na kuchekesha waandishi, basi. Eti angekuwa kocha wa maana angedumu Ligi Kuu ya Uskoti. Mimi nawapinga.

Kwanza niwape haki yao. Ligi Kuu aliionja akiwa na Dunfermline mwaka 1999, timu ikashuka daraja. Partick Thistle aliipandisha 2006, mwaka uliofuata kibarua kikaota nyasi. Ross County hakumaliza hata nusu msimu. Hayo siyafichi.

Lakini mnampimaje? Enzi zake za uchezaji aliishia timu za chini, Cowdenbeath na Brechin zikiwemo, kwa hiyo hakuna bosi wa klabu kubwa aliyemfungulia mlango kwa jina tu. Akapanda na Brechin, akapanda na Forfar. Akiwa Arbroath, na pacha wake Ian kama msaidizi, akachukua ubingwa wa daraja la nne 2017 na wa daraja la tatu 2019.

Halafu njooni msimu wa 2021/22, maana hapo ndipo penye ubishi wenyewe. Wachezaji wa Arbroath walikuwa na ajira zao za mchana. Winga Bobby Linn alikuwa akifanya kazi kwenye gari la taka. Mazoezi yalikuwa jioni, mara mbili kwa wiki. Uwanja wao Gayfield uko ufukweni kabisa, bahari ikichafuka mawimbi yanaruka ukuta (pigeni krosi hapo tuone). Timu hiyo ikakaa kileleni mwa Championship (daraja la pili, chini ya Ligi Kuu), ikimaliza ya pili kwa pointi 65 dhidi ya 67 za Kilmarnock, ambao wachezaji wao kazi yao ilikuwa mpira tu. Aprili walikwenda Kilmarnock wakiwa bado kwenye mbio, wakalala 2-1 na wenyeji wakabeba ubingwa palepale. Kwenye mchujo wa kupanda Ligi Kuu, Inverness wakawatoa kwa penalti, baada ya mechi mbili zisizo na bao hata moja.

Mtasema: mbona aliondoka Novemba 2023 hali ikiwa mbaya, na msimu ukaisha timu imeshuka? Kweli. Ila mimi nashangaa zaidi kwamba walidumu misimu mitano daraja lile kwa bajeti ile.

Na msitaje "bahati". Mshambuliaji aliyekuwa akiwasumbua mabeki nusu ya kwanza ya msimu ule, Joel Nouble, alikuwa wa mkopo kutoka Livingston. Januari wenyewe wakamrudisha, kama ilivyo haki yao.

Sasa wanaobisha mnijibu hili tu: Nouble angebaki hadi Mei, zile pointi mbili zingekosekana?