Klia (tabaka angavu la juu ya rangi ya gari) imebaki nyembamba: rotari, DA, au glezi tu?

NgamiaMweusi
Wakuu, nina Forester nyeusi ya 2009, imetoka Japani na rangi yake ya kiwandani. Ikiwa juani, boneti lote ni mikwaruzo midogo kama utando wa buibui. Jamaa mwenye kipimo cha unene wa rangi amenisomea: boneti 85 hadi 95 mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), paa 90, ukingo wa fenda ya kushoto 70, mlango wa nyuma 240. Fundi wa kwanza anataka kupiga rabingi, yaani kusugua rangi ing'ae, kwa mashine ya rotari na pedi ya manyoya, asubuhi moja kazi imeisha. Wa pili ana DA, mashine ya kupolishi ya aina nyingine, na pedi za sponji, bei karibu mara mbili. Wa tatu anasema glezi (krimu ya kufunika mikwaruzo) na waksi zinatosha. Nimpe nani gari?

PediYaNjano
Mlango wa 240 ulishapigwa rangi upya, huo usikuumize kichwa. Kazi iko kwenye boneti. Kipimo kinajumlisha kila kitu kuanzia bati: praima, rangi, klia. Klia ya kiwandani mara nyingi ni 35 hadi 50 ikiwa mpya, na hujui wenye gari waliokutangulia waliipiga mashine mara ngapi. Kompaundi (polishi ya kukata) kali na manyoya hula mikroni kadhaa kwa awamu moja. Polishi ya kumalizia kwa sponji laini hula kama moja hivi. Kinga ya jua imo humohumo kwenye klia. Ukiimaliza, boneti linapauka, kisha linabanduka vipande, na hapo hakuna polishi tena, ni kupiga rangi.

FundiIlala
Msiisingizie rotari, kuna watu wanaimudu. Ila kweli inazunguka kwenye mhimili mmoja, joto linapanda upesi, na ukituama kwenye kona umeshatoboa klia. DA inazunguka huku ikiyumba, ukiigandamiza sana pedi inagoma kuzunguka. Kwa 85 hata mimi nachukua DA. Huyo wa asubuhi moja muulize kama ana kipimo. Akicheka, ondoka.

MwanaKilindini
Mimi niko upande wa glezi. Mafuta yake yanajaza mikwaruzo, gari linang'aa, hujapoteza kitu. Soma tu kopo, kuna glezi zenye chembe za kukata ndani.

PediYaNjano
@MwanaKilindini baada ya kuoshwa mara chache na sabuni kali mikwaruzo inarudi yote. Kama anauza gari wiki ijayo, sawa.

MwanaKilindini
Inarudi, napaka tena. Klia ikiisha utapaka nini?

DadaPolishi_Arusha
Kaka Ngamia, rangi za Subaru ni laini, kwa hiyo huhitaji nguvu. Osha vizuri, toa uchafu ulioganda kwa udongo wa kusafishia rangi, halafu jaribu eneo dogo la boneti kwa polishi laini kabisa na sponji laini. Ikitoa nusu ya mikwaruzo, ishia hapo. Usipande kwenye kompaundi kwa tamaa ya asilimia mia. Pitisha ukucha: mkwaruzo unaounasa ni wa kuishi nao, maana kuufuta ni kushusha klia yote inayouzunguka hadi chini yake. Na usitegemee kipimo kikuambie umekula mikroni moja. Vingi hukosea kwa zaidi ya hiyo.

Mzee_wa_Probox
Probox yangu nyeupe, msimbo wa rangi 040, nikipolishi pedi inageuka nyeupe. Ndiyo klia inaisha?

FundiIlala
Hapana mzee, Toyota nyingi za 040 hazina klia kabisa, unachoona ni rangi yenyewe. Nyeusi ya 202 nayo mara nyingi ni hivyo. Lakini nayo ina mwisho.

NgamiaMweusi
Nimeelewa, DA na polishi laini. Halafu nikipaka seramiki, ile dawa ya kulinda rangi, juu yake, itarudisha unene?

DadaPolishi_Arusha
Hairudishi. Ni tabaka jembamba mno, kazi yake ni uchafu usigande na uoshaji uwe mwepesi. Ukitaka unene wa kweli ni filamu ya kulinda rangi, 150 mikroni na zaidi, lakini bei yake ijadili na mama watoto kwanza.

NgamiaMweusi
😂 Na ule ukingo wa 70?

DadaPolishi_Arusha
Funika kwa tepu ya karatasi kabla mashine haijawashwa, pamoja na mikunjo yote ya bodi. Ukimaliza, bandua tepu, upake waksi kwa mkono.

FundiIlala
Na bampa ni plastiki, hicho kipimo cha bati hakilisomi. Lipige kidogo kuliko boneti.