Mpwa wangu ana miaka 15, nimekuta panga chini ya godoro lake. Naombeni ushauri

Wakuu, nipo Mbagala, naishi na dada yangu na mwanawe. Baba mtu aliondoka zamani. Dada anachuuza samaki, saa kumi alfajiri yuko soko la samaki Feri, kurudi ni jioni. Mimi fundi ujenzi, nashinda saiti. Dogo aliachia shule kidato cha pili. Ada imefutwa, lakini nauli, madaftari na sare ni juu yetu, na alirudishwa mara mbili kwa kukosa viatu vyeusi. Akahamia kijiweni. Jana nimekuta panga, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli, na simu mbili zisizo na laini. Dada sijamwambia, ana presha. Nimpeleke polisi au kijijini?

Mzee wa Kizuiani: Polisi leo leo. Panya road wa 2022, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walitutesa, na wengi walikuwa vitoto hivi hivi. Wananchi wakimkamata hawatauliza umri.

Kinyozi: Mimi nilipita huko. Sikuanza kwa panga, nilianza kwa njaa. Nyumbani mchana hakuna mtu wala chakula, kijiweni kuna kaka anakununulia chipsi. Wiki ya tatu anakutuma. Huyo anayemlisha ndiye wa kumtafuta. Kijijini atarudi na basi la kwanza kama hana cha kufanya.

Mama Nasri: Jamani, mama anaamka saa tisa kutafuta ugali, halafu mtu aje aseme hajalea?

Dada wa Ustawi: Nafanya kazi na watoto hawa. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo, kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Panga na simu usivifiche wala usivitupe, utaingia wewe matatani. Nenda navyo kwa mwenyekiti wa mtaa, dogo akiwepo. Ukishamaliza hapo, ulizia nafasi VETA, vyuo vya ufundi vya serikali.

Mleta mada: Asanteni sana. Kinyozi, umenigusa, kweli mchana sufuria huwa tupu. Kesho siendi saiti, nitamwambia dada kisha twende wote kwa mwenyekiti. Panga nimeliweka chumbani kwangu. Sasa ni saa tano usiku, dogo hajarudi, nimekaa mlangoni namsubiri.