Naomba ushauri: nepi za kitambaa zimekakamaa na zinanuka mkojo

Habari zenu wamama wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Nina mtoto wa miezi mitano, namvalisha nepi za kitambaa, zile za pamba za kukunja, ninazo 18, pampasi namvalisha usiku tu. Sasa tangu tuhamie huku Mbagala tunatumia maji ya kisima yana chumvi balaa, sabuni haitoi povu mpaka uongeze na kuongeza, na nepi zimekakamaa kama gunia, nikizianua kwenye kamba zinasimama zenyewe. Kinachoniumiza zaidi ni harufu, zikiwa kavu hazinuki kabisa ila mtoto akikojoa mara moja tu inapanda harufu kali mpaka macho yanawasha, na mapajani ameshaanza kuwa mwekundu.

Ninavyofua, natoa kinyesi kwanza, naloweka usiku kucha na sabuni ya unga, asubuhi nafikicha kwa mkono, nasuuza mara mbili naanika juani. Nimejaribu jiki kidogo, harufu ikaisha siku mbili ikarudi, na kitambaa naona kinaanza kuchakaa. Nikaweka ile dawa ya kulainisha nguo, zikawa laini kweli lakini hazinyonyi tena, mkojo unatiririka tu kwenye dera langu, nikaacha.

Naombeni mnisaidie jamani, kuzichemsha kwenye sufuria ni sawa au zitaisha haraka? Na nyie mnaofulia maji ya chumvi mnasuuza mara ngapi mpaka sabuni itoke yote, au nikinge maji ya mvua niwe nasuuzia ya mwisho?