Jina la Salme binti Said libaki ukutani au liondolewe?

Wanajamvi, mwaka 2019 jiji la Hamburg lilikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete, yaani Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Haikuchukua muda jina likaondolewa, kwa sababu ya aliyoyaandika juu ya watumwa. Jana ndugu mmoja akasema nasi tufunge chumba chake kwenye Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe. Napinga, na nasema hivi huku babu yake bibi yangu aliletwa Unguja akiwa mtumwa.

Salme alizaliwa mwaka 1844 Mtoni, kasri la baba yake hapa Unguja. Watoto wa kike wa kasrini walisomeshwa Kurani, lakini kuandika hapana. Yeye akatafuta mfupa wa bega la ngamia, wino na kalamu, akajifunza kwa siri kunakili herufi za Msahafu. Mwaka 1859, ana miaka 15, mkono huohuo uliandika barua kwa niaba ya kaka yake Barghash na wenzake walipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani. Mwaka 1866 akatoroka kwenda Aden akiwa mjamzito, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu chake kwa Kijerumani. Ndani yake mna sura ya utumwa. Anautetea, na watu weusi anawaita wavivu. Nimeisoma mara tatu na kila mara kifua kinabana.

MCHANGIAJI: Mkuu, unamwonea huruma mtu ambaye asingekuonea wewe. Mtoni waliishi watu zaidi ya elfu kwa maelezo yake mwenyewe. Waliochota maji na kupika, unamjua hata mmoja kwa jina? Kwa nini ukuta apewe yeye?

MTOA MADA: Swali lako limenigusa, ndugu yangu. Lakini hao wapishi na wachota maji, sehemu kubwa ya habari zao tumeipata kwake. Tukifuta jina lake tunafuta na ushahidi wao. Ninachodai ni ile sura ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, neno kwa neno, kando ya picha yake.

Mwaka juzi nilikwenda Mtoni na binti yangu. Mwongozaji alisimulia mapenzi ya Salme na yule Mjerumani tangu tulipoingia. Tulipofika kwenye magofu ya mahamamu mtoto akauliza, "Maji ya kuoga alikuwa anachotewa na nani?" Akaambiwa twende mbele, muda umekwisha. Nataka siku nikimrudisha pale, jibu alikute limeandikwa.