Mmewaondolea akina Forsyte fedha na sheria, mkabakiza mabusu. Nani aliwatuma?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali.

Naongelea vitabu vya The Forsyte Saga vya John Galsworthy na tamthilia za televisheni zilizotokana navyo: ile ya BBC ya 1967, ile ya Granada iliyoonyeshwa ITV mwaka 2002 na 2003, na hii mpya ya Channel 5, The Forsytes, iliyoanza Oktoba 2025. Kila wanapoirudia hadithi hii wanapunguza hesabu za fedha na vifungu vya sheria, halafu nafasi iliyobaki wanaijaza mapenzi. Kitabu cha kwanza kinaitwa The Man of Property. Mtu mwenye mali! Jina liko kwenye jalada tangu 1906, na bado mtu anasoma vitabu vyote kisha anatuletea hadithi ya binamu wawili na wanawake wao.

Nianze na nyumba ya Robin Hill, maana hapo ndipo pameniudhi kuliko kote.

Soames Forsyte ni wakili. Mwaka 1886 anaamua kujenga nje ya London ili amtoe mkewe Irene mjini, mbali na marafiki na maneno ya watu. Kazi anampa msanifu majengo Philip Bosinney, kijana asiye na senti, mchumba wa June, mtoto wa binamu yake. Gharama zinapanda kidogo kidogo hadi wanafika kwenye mapambo ya ndani. Hapo zinaandikwa barua, na ukizikosa barua hizo umeikosa hadithi nzima. Soames anaandika kwamba Bosinney ana uhuru kamili wa kupamba, ila jumla ya nyumba ikikabidhiwa, pamoja na ujira wake, isizidi pauni 12,000. Bosinney anajibu kwamba katika kazi nyeti kama hiyo hawezi kujifunga hadi pauni ya mwisho. Soames anaandika tena: ukizidisha kumi, ishirini, hata hamsini, hatutagombana, na uhuru unao kwa masharti ya barua hizi. Bosinney anakubali.

Nyumba inamalizika kwa 12,400. Ondoa 12,000, ondoa zile 50 za msamaha, zinabaki 350. Soames analipa wakandarasi kila kitu, kisha anamshitaki Bosinney arudishe hizo 350.

Ugomvi wote mahakamani ni juu ya maneno mawili: uhuru kamili. Je, yanafuta kikomo cha 12,000, au kikomo ndicho kinachoyabana? Jaji Bentham anasema kikomo kinabana, na mdaiwa alipe. Sasa tazameni alichokifanya Galsworthy. Soames ameshajua kwamba Irene anampenda Bosinney. Anajua pia kuwa Bosinney hana mahali pa kuzitoa pauni 350, na hukumu itamfilisi. Hamgusi hata kwa kidole, hapandishi sauti. Anatumia karatasi aliyoiandika kwa mkono wake kabla hajawa na uhakika wa lolote. Na siku hukumu inasomwa, mdaiwa hayupo mahakamani, kwa sababu usiku uliotangulia amegongwa na gari barabarani kwenye ukungu mzito wa London. Mahakama inamhukumu marehemu na haijui!

Hii ndiyo roho ya kitabu: mtu anayemiliki mke kama anavyomiliki nyumba na picha za ukutani, na anazitumia njia zilezile kulinda vyote vitatu. Ukiziondoa zile barua, Soames anabaki mume mwenye wivu. Waume wenye wivu tunao katika kila tamthilia, hatukumhitaji Galsworthy atuletee mwingine.

La pili ni Irene. Katika dibaji ya 1922, vitabu vitatu na visa viwili vifupi vya kati vilipounganishwa kuwa juzuu moja, mwandishi mwenyewe alieleza kwamba Irene haonekani popote ila kupitia hisia za wahusika wengine. Sisi wasomaji hatuingii akilini mwake hata mara moja. Tunamwona mjomba Swithin akimpeleka Robin Hill kwa gari la farasi. Tunamwona mzee Jolyon, baba mkubwa wa Soames, akimsikiliza akipiga piano. Tunamwona Soames akimtazama mezani asijue anawaza nini, na sisi hatujui pia. Ukimya huo ndio unaomtesa Soames, na ndio unaotulazimisha kuuliza kama tunamtazama kwa macho yetu au kwa macho ya mwenye mali.

Channel 5 wamefanya nini? Wamemfanya mcheza dansi. Wakati Irene wa kitabuni ni binti wa profesa Heron, anaishi Bournemouth na mama wa kambo anayetaka aondoke nyumbani, na kipato chake ni pauni 50 kwa mwaka. Hesabu hiyo ya 50 inaeleza kwa nini aliolewa na mtu asiyempenda, bila hotuba yoyote. Na kabla ya kukubali alimwekea Soames sharti: ndoa ikishindikana, awe huru kana kwamba hakuolewa. Soames akaahidi. Ni mkataba mwingine, safari hii wa mdomo, na huu hakuutekeleza. Wekeni ahadi hiyo kando ya zile barua za nyumba muone jinsi vinavyosemezana. Mcheza dansi mwenye kipaji na ndoto zake ana njia nyingine ya kuishi. Binti wa pauni 50 hana. Mmebadili kazi ya mhusika, mkavunja sababu ya ndoa.

Jo, mtoto wa mzee Jolyon na baba wa June, naye wamemfanya mshindani wa Soames katika kampuni ya familia ya udalali wa hisa. Katika kitabu mzee Jolyon alitajirika kwa chai, Soames na baba yake James ni mawakili, na Jo ni mtu wa bima Lloyd's anayechora picha za rangi za maji. Hawagombei kiti chochote. Jo alitengwa na ukoo kwa sababu alimwacha mkewe akaenda kuishi na mwalimu wa nyumbani wa bintiye, mwanamke mgeni kutoka nje. Huyo mwalimu sasa amekuwa mshonaji nguo. Kuna tofauti: mwalimu alikuwa ndani ya nyumba, akilishwa na kulipwa na familia hiyohiyo, na ndiyo maana kashfa iliwauma akina Forsyte kiasi kile.

Halafu kuna ile talaka ya In Chancery, kitabu cha pili, ambayo waandishi wa skripti wanaipitia kama wanakimbia mvua. Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi. Kwa sheria ya 1857 mume aliweza kumwacha mke kwa kosa la uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Hali hiyo ilidumu hadi 1923. Winifred, dada yake Soames, mumewe Dartie amekimbilia Buenos Aires na mcheza dansi, na lulu za mkewe amechukua. Ili apate talaka inambidi kwanza aiombe mahakama iamuru mume arudi nyumbani! Mume akikaidi amri hiyo, tangu sheria ya 1884 ukaidi huo unahesabiwa kuwa kutelekeza papo hapo, bila kungoja miaka miwili. Unganisha na uzinzi, kesi imekamilika. Kisha Dartie anarudi kweli, viatu vimechanika, na mpango mzima unaporomoka. Mwanamke amelazimishwa kuomba hadharani kitu asichokitaka, na amekipata.

Soames naye amekwama upande wake. Irene aliondoka mwaka 1887, mpenzi wake amekufa, na miaka 12 imepita bila Soames kufungua kesi. Anataka mtoto wa kumrithi, anataka kumwoa Annette wa Soho, lakini ushahidi hana. Kukubaliana na mkewe hawezi, maana mahakama ikigundua kwamba wawili wamepanga pamoja, talaka inakataliwa. Ndipo anamwajiri mpelelezi Polteed amfuatilie mke wake mwenyewe. Galsworthy alisomea sheria na kuandikishwa kuwa wakili mwaka 1890, na mkewe Ada alikuwa kwanza mke wa binamu yake. Alijua anachoandika hadi kwenye mifupa. Nyinyi mnakuja mnafuta, eti watazamaji watachoka!

Watazamaji hawachoki na sheria. Wanachoka na watu wanaolia bila sababu ya kueleweka.

---

Kalamu Kavu ameandika:

Mkuu, nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, ila usiichanganye ile ya 2002 na hii ya sasa. Damian Lewis alimcheza Soames kwa mwili: shingo imekakamaa, mdomo umefungwa, mtu anayetaka kupendwa na hajui pa kuanzia. Na Gina McKee ndiye Irene aliye karibu zaidi na kitabu, maana anakaa kimya kweli. Wapo waliolalamika kwamba ni baridi mno. Hao hawajasoma. Irene wa Galsworthy anawanyima watu uso wake kwa makusudi.

Kosa la 2002 ni jingine. Sehemu sita za kwanza zimebeba The Man of Property na In Chancery pamoja, halafu zikaja nne za To Let, kitabu cha tatu, mwaka uliofuata. Kwa ufinyu huo wajomba na mashangazi wamepunjwa. Kizazi cha wazee ni ndugu kumi, na nyumba ya Timothy kule Bayswater Road ndiyo soko lao la habari, kila siri ya ukoo inapimwa thamani pale kwa shangazi Juley na Hester. Galsworthy anasema hakuna Forsyte aliyewahi kuandaa chakula cha jioni bila nyama ya mgongo wa kondoo, na anatumia aya nzima kueleza kila ndugu anaitaka itoke wapi. Ukiwakata hao, Soames anaonekana mgonjwa peke yake. Kumbe amelelewa hivyo, na ukoo mzima unafikiri kama yeye.

---

Nakozi ameandika:

Basi tuseme na ya 1967, maana humu watu wanaiabudu. Nami naipenda: sehemu 26, nyeusi na nyeupe, na Soames wa Eric Porter hajapata mpinzani. Ndiyo pekee kati ya hizi iliyoendelea hadi A Modern Comedy, vitabu vitatu vinavyofuata Saga, ikafika 1926, Soames anapokufa kwa kumwokoa bintiye Fleur na picha inayoanguka wakati nyumba yake inaungua. Mkusanyaji wa picha anauawa na picha, na mtu wa mali anakufa akimkinga mtu badala ya kitu. Anayeishia To Let, kama walivyofanya 2003, hajui Soames alifika wapi.

Lakini walioanza kusogeza mwanzo nyuma ni haohao wa 1967. Kitabu kinafunguka tarehe 15 Juni 1886, nyumbani kwa mzee Jolyon huko Stanhope Gate, ukoo umekusanyika kumkagua Bosinney. Jo ameshaondoka miaka mingi, Irene ameshaolewa, nyufa zipo na unazigundua mwenyewe. BBC wakaanzia 1879 ili waonyeshe Jo akiondoka. Matokeo yake Kenneth More, mwenye miaka 52, anacheza kijana anayemkimbia mkewe! Granada wakafuata njia ileile, Channel 5 nao wakaifuata.

Na kile kitendo cha Soames kumwingilia Irene kwa nguvu. Kitabuni hatukioni. Tunaanza asubuhi yake, Soames yuko mezani na kifungua kinywa, kilio cha mkewe hakimtoki masikioni, naye anajiambia alikuwa na haki. Kisheria alikuwa nayo kweli: Uingereza haikulitambua kosa hilo ndani ya ndoa hadi 1991, mahakama ya juu ilipoamua. Ya 1967 na ya 2002 zote zimekionyesha kitendo chenyewe. Ukikionyesha, mtazamaji anashtuka na kumlaani mtu mmoja. Ukionyesha ile asubuhi, analazimika kuilaani sheria.

---

BintiSakina ameandika:

Kaka zangu, mimi nimeona hii mpya tu na niliipenda nguo zake na nyumba. Baada ya kusoma hapa nataka vitabu. Nianzie wapi, na tamthilia ipi niifuate?

---

Mwenye uzi amejibu:

Dada, karibu. Nguo za hii mpya ni nzuri, hilo silipingi.

Vitabu vya mwanzo vinapatikana bure mtandaoni kwenye maktaba ya Project Gutenberg, maana hakimiliki yake imekwisha. Fuata mpangilio huu: The Man of Property, halafu kisa kifupi Indian Summer of a Forsyte, kisha In Chancery, kisa kifupi Awakening, umalizie na To Let. Usiviruke visa vifupi. Katika kile cha kwanza mzee Jolyon anamwachia Irene pauni 15,000 kwenye wosia, na bila fedha hizo huwezi kuelewa jinsi alivyoishi peke yake miaka yote ile, wala kwa nini Jo, msimamizi wa fedha hizo, ana sababu halali ya kwenda kumwona. Nazo zinamwingiza Jo kwenye maisha yake kabla ya mapenzi. Ukimaliza ingia The White Monkey, The Silver Spoon na Swan Song.

Tamthilia nenda na ya 1967, lakini usiiguse mpaka umalize kitabu cha kwanza. Sehemu za mwanzoni zinazoanzia 1879 zitazame haraka. Nakozi yuko sahihi kuhusu hizo, na kuhusu ile asubuhi nakubaliana naye neno kwa neno.

Chora mti wa ukoo kwenye karatasi mapema, kwa sababu kuna Jolyon watatu kabla hujafika mbali: mzee, mwanawe Jo, na Jolly mtoto wa Jo, anayefariki kwa homa ya matumbo vitani Afrika Kusini. Baadaye anazaliwa Jon, wa nne. Na ukifika kwenye sura ya kesi, rudi kwanza uzisome zile barua za nyumba, uamue mwenyewe nani ana haki ya zile 350, ndipo usome alichosema Bentham.