Printa ya pini haichapi kutoka Windows 98 iliyo ndani ya mashine pepe, naombeni msaada

mtunza_stoo: Habari wakuu. Nina programu ya stoo ya enzi za DOS (mfumo wa kabla ya Windows). Kompyuta yake ilipokufa niliihamishia kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya VMware yenye Windows 98. Inafunguka vizuri na kumbukumbu zote zipo. Shida ni kuchapa. Hati zetu ni za nakala tatu, kwa hiyo lazima itumike printa ya pini, inayogonga hadi karatasi ya chini, Epson LX-300. Kompyuta mpya haina tundu la LPT (tundu la paraleli la printa za zamani), nikanunua waya wa kugeuza USB kuwa paraleli. Windows 10 inaiona printa, ila programu inasema printa haiko tayari. Siku ya tatu leo naandika hati kwa mkono. Nifanyeje?

waya_mrefu: Pole mkuu. Waya huo haukuongezei LPT. Unaitambulisha printa kama kifaa cha USB, utaikuta kwenye tundu liitwalo USB001. Programu za DOS zinaijua LPT1 tu, na nyingine zinaandika moja kwa moja kwenye anwani 378h, yaani ya tundu lenyewe. Iache mashine pepe kwanza. Kwenye Windows 10 weka draiva ya Generic / Text Only, ishirikishe printa kwa jina LX300, halafu andika:

copy /b jaribio.txt \\localhost\LX300

Maandishi yakitoka, waya na printa ni wazima. Karatasi ikisimama katikati usishtuke, ni kwa sababu faili halina alama ya 0C inayosukuma ukurasa.

mtunza_stoo: Yametoka! Asante sana. Sasa nitaifikaje kutoka ndani?

bibi_seva: Ndani ya Windows 98 ongeza printa ya mtandao, kisha kwenye sifa zake tafuta Capture Printer Port, uielekeze LPT1 kwenye printa hiyo. Kikwazo ni kwamba Windows 98 inaongea SMB1 (njia ya zamani ya kushirikisha faili na printa mtandaoni) peke yake, na Windows 10 tangu toleo la 1709 la mwaka 2017 haiiweki yenyewe. Tafadhali usiiwashe kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao wa kazini. WannaCry, ile programu hasidi ya kudai fidia, ilipenya kwenye udhaifu wa SMB1 mwaka huo huo. Mimi ningeweka mashine pepe ndogo ya Linux, nikaikabidhi waya wa USB (itauona kama /dev/usb/lp0), nikaweka Samba (programu ya kushirikisha printa na Windows) yenye server min protocol = NT1, yaani ikubali SMB1, na foleni ghafi isiyobadilisha data, mgeni asiye na nywila aruhusiwe kuchapa. Mashine hizo mbili zikae kwenye mtandao wa ndani tu.

waya_mrefu: Naongezea: kama programu yako ni ya zile zinazoandika moja kwa moja kwenye 378h, kunasa LPT1 hakutashika kitu. Hapo elekeza LPT ya VMware kwenye faili, kisha faili hilo ulitume kwa copy /b.

mtunza_stoo: Nimefuata njia ya bibi_seva, LPT1 imenaswa na hati inatoka. Ila mistari ya jedwali inatoka herufi zilizolala, mahali pa pembe na mistari yote.

waya_mrefu: Printa iko kwenye jedwali la herufi za italiki. Ingia kwenye mipangilio ya printa yenyewe, ubadilishe iwe PC437, jedwali lenye alama za mistari. Draiva usiiguse.

mtunza_stoo: Nimebadilisha. Mistari imenyooka, na nakala ya tatu inasomeka.